Shajara ya mradi: Singo 20 za Utada Hikaru, kwa mpangilio zilivyotoka

Jumapili, 12 Januari 2025. Kuanza

Naishi Nagoya, Japani, huu mwaka wa saba. Muziki niliujulia kwenye kwaya ya kanisa kule Morogoro, kwa hiyo masikio yangu yalifundishwa kutafuta sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi kabla ya kitu kingine chochote. Kwa masikio hayo nimekuwa nikimsikiliza Utada Hikaru, mwimbaji wa Kijapani, kwa miaka mingi, na swali moja limenikaa kichwani: imekuwaje mtu mmoja aliyeanza na Automatic mwaka 1998 akafika Be My Last mwaka 2005, nyimbo zisizofanana kwa biti, ala wala hata namna ya kuvuta pumzi, na bado nikimsikia neno la kwanza tu namjua?

Mradi ni huu. Nazitafuta singo zake zote za CD, yaani nyimbo zilizouzwa mojamoja kwenye CD zao, kutoka Automatic (9 Desemba 1998) hadi Heart Station (20 Februari 2008). Ziko 20, bila kuhesabu zile za Kiingereza. Nazisikiliza moja baada ya nyingine kwa mpangilio zilivyotoka, na kila moja napata kuiandikia ukurasa. Naandika hapa ili mwingine akitaka kufanya hivi kwa mwimbaji anayempenda, asipite kwenye mashimo niliyopita mimi.

Leo nimekwenda Osu, mtaa wenye maduka mengi ya mitumba hapa mjini. Singo za miaka ile wala si mali ya anasa, ziliuzwa kwa mamilioni, na sasa zimejaa kwenye masanduku ya yeni 110. Nimepata 9. Gharama: yeni 990.

Jumapili, 19 Januari. Orodha ya mtandaoni imenipoteza

Leo Utada anatimiza miaka 42. Wiki nzima nilikuwa nimeanza kazi bila kusubiri CD zilizobaki, nikitumia programu ya kusikilizia muziki kwenye simu. Nimelazimika kufuta kurasa zote nilizoandika.

Kosa la kwanza ni tarehe. Matoleo mengi ya nyimbo za zamani yaliyoko mtandaoni ni yale yaliyosafishwa upya miaka ya baadaye, na programu hupanga kwa tarehe ya toleo. Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Kwenye ukurasa wa singo ya nane niliandika juu ya wimbo Distance, kumbe huo ni wimbo wa albamu ya jina hilohilo, iliyotoka 28 Machi 2001. Singo yenyewe inaitwa Final Distance, ilitoka 25 Julai mwaka huohuo, na ni maneno yaleyale kwenye mwili mwingine kabisa. Ya albamu inatembea kwa biti, imechangamka. Ya singo imevuliwa biti hiyo ikavishwa piano na nyuzi, na inakwenda polepole kama watu wanaotoka makaburini.

Sababu yake inajulikana Japani yote. Tarehe 8 Juni 2001 mtu mwenye kisu aliingia shule ya msingi Ikeda, mkoa wa Osaka, akaua watoto wanane. Mmoja wao alikuwa msichana aliyempenda sana Utada. Wimbo uliokwisha kutoka ukarudishwa studio, ukapangwa upya na kutolewa kwa ajili yake. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba hapo "mtindo bado ni wa kuchezeka". Nilipogundua, nilikaa kimya muda mrefu mbele ya daftari.

Dawa: hakuna kuandika chochote kabla CD yenyewe haijawa mkononi.

Jumapili, 2 Februari. CD ndogo imekwama

Automatic ilitoka kwa saizi mbili: CD ya kawaida ya sentimita 12 na CD ndogo ya sentimita 8. Hizi ndogo ndizo zilizokuwa singo za Japani miaka ya 90. Huja kwenye kadi ndefu nyembamba inayoitwa tanzaku, kama vile vikaratasi virefu vya kuandikia mashairi. Mimi nilinunua ndogo kwa sababu ilikuwa nzuri kuitazama.

Jumatano nikiwa njiani kutoka kazini niliitia kwenye redio ya gari. Redio yangu ni ya kumeza, haina trei. Iliimeza, ikanguruma, ikashindwa kuizungusha na ikashindwa kuitema. Nilijaribu kuivuta kwa kibano, nikaisukuma ndani zaidi. Fundi wa redio za magari alifungua dashibodi akaitoa salama, bila mkwaruzo. Yeni 6,600.

Kwa hiyo sikia: CD ya sentimita 8 haifai kwenye mashine nyingi za kumeza, za gari au za kompyuta. Inahitaji mashine ya trei, ile yenye duara dogo lililochimbika katikati. CD ndogo hukaa humo sawasawa. Nimepata mashine ya kusomea CD ya kuchomeka kwenye kompyuta, mtumba, kwa yeni 1,650. Ningeanza na hiyo, ningeokoa fedha zaidi ya nusu ya mradi mzima.

Jumapili, 16 Februari. Safu ya "mtindo" imefutwa

CD zote 20 zimetimia. Nane nyingine zilikuwa za yeni 110, na tatu nilizozisaka sana zikawa yeni 330 kila moja. Jumla ya CD: yeni 2,860.

Nilichora jedwali lenye safu nne: mtunzi, prodyuza, mtindo, na ala zinazosikika. Baada ya singo tatu tu jedwali likaanza kunichenga.

Safu ya mtunzi haikuwa na kazi. Tangu siku ya kwanza, akiwa na miaka 15, Utada ndiye aliyeandika maneno na melodi za nyimbo zake. Safu ya prodyuza nayo ilirudia majina yaleyale karibu kila ukurasa: Miyake Akira na Utada Teruzane, babake. Kitu ambacho hakibadiliki hakiwezi kueleza mabadiliko.

Nikategemea safu ya mtindo. Automatic: R&B ya taratibu, besi nzito, nafasi kubwa kati ya pigo na pigo. Siku 70 baadaye, 17 Februari 1999, ikaja Movin' on without you, wimbo wa disko wa kukimbia. Kisha 28 Aprili First Love, wa polepole, wa kuimbiwa kwenye kiti. Nikaandika kwa furaha: "Anatoka R&B, anapitia disko, anafika kwenye wimbo wa huzuni." Nikachora na mshale.

Mshale ule ulikuwa uongo. Nyimbo zote tatu zimo kwenye albamu First Love, iliyotoka 10 Machi 1999, kabla hata singo ya tatu haijauzwa kama singo. Zilikuwepo pamoja kabatini. Kampuni ilichagua ipi itoke mlangoni kwanza. Mpangilio wa kutoka si mpangilio wa kukua. Albamu ile iliuza zaidi ya nakala milioni 7 Japani, na hakuna albamu iliyoipita nchini humo, kwa hiyo Wajapani wengi walizipokea sura zote tatu kwa mkupuo mmoja. Ni mimi tu, miaka 26 baadaye, niliyekuwa nazipanga foleni.

Marekebisho mawili. Kwanza, silinganishi tena singo za albamu moja kama hatua. Nalinganisha kundi na kundi. Pili, nimefuta "mtindo" na badala yake nimeweka mstari unaochapwa kwa herufi ndogo kwenye kijitabu cha kila singo: nani alipanga muziki. Yaani nani aliyeamua ngoma iingie wapi, nyuzi zinyamaze wapi, besi itembee vipi. Automatic ni Nishihira Akira. First Love ni Kawano Kei. Addicted To You ya Novemba 1999 imekwenda Marekani kwa Jimmy Jam na Terry Lewis, wale wa Minneapolis waliomtengenezea Janet Jackson albamu zake kubwa. Safu hii imeanza kusema.

(Jambo la pembeni. Juni 2021 Utada alisema hadharani kwamba hajihesabu kuwa mwanamume wala mwanamke. Rafiki yangu anayeandika kwa Kiingereza aliniuliza mimi nimeamua vipi kumtaja. Sikuwa na la kuamua: "yeye" yetu haiulizi, na "a-" ya "anaimba" inamtosha kila mtu. Nilifurahi sana siku ile kuwa naandika kwa Kiswahili.)

Jumapili, 9 Machi. Kuitoa sauti nje ya muziki

Hii ndiyo sehemu iliyokula muda mwingi, wiki tatu nzima, na ndiyo iliyolipa.

Singo za Japani kwa kawaida hubeba na karaoke, yaani muziki uleule bila sauti ya mbele. Kama una wimbo kamili na unao muziki wake mtupu, unaweza kutoa kimoja kwenye kingine ubaki na sauti peke yake. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, unaweka faili mbili, moja juu ya nyingine, unageuza wimbi la karaoke juu chini, kisha unacheza zote pamoja. Kinachofanana kinajifuta. Kisichofanana, yaani mwimbaji, kinabaki.

Jaribio la kwanza: nilitumia faili za MP3. Ngoma zilipungua, lakini nyuma ya sauti palibaki mlio kama maji yanayochemka. MP3 hutupa baadhi ya sauti ili faili iwe ndogo, na haitupi zilezile kwenye faili mbili tofauti. Kosa langu. Nikanakili CD upya kwa WAV, aina ya faili isiyotupa sauti.

Jaribio la pili: WAV, lakini nilizipanga kwa macho. Matokeo yakawa kama sauti inayopita kwenye bomba. CD huhesabu sauti mara 44,100 kwa sekunde, na ukikosea kwa vipimo vichache tu, sauti nyembamba kama matoazi hazijifuti.

Jaribio la tatu ndilo lililofaulu. Tafuta pigo la kwanza kali la ngoma, kuza picha hadi wimbi lionekane kama nukta nukta, kisha sogeza faili ya karaoke nukta kwa nukta hadi vilele vikae mahali pamoja. Usiiruhusu programu kunyanyua au kusawazisha ukubwa wa sauti kabla ya hapo. Bado hapatakuwa kimya kabisa, maana wimbo kamili ulibanwa tofauti kidogo mwishoni mwa kazi. Na angalia: karaoke nyingine huacha sauti za nyuma humohumo, kwa hiyo zitafutika pamoja na ala. Usiseme hazipo kwa kuwa huzisikii.

Usiku wa Alhamisi nikaisikia Automatic bila kinanda, bila besi. Nilikuwa na miaka nikiusikia wimbo huo na sikuwahi kuusikia hivi.

Kijapani kina ukaribu na Kiswahili ambao mtu wetu huupata bila kufundishwa: silabi nyingi huishia na vokali, na kila moja ina uzito wake. Waimbaji wengi huziweka silabi kwenye mapigo kama mayai kwenye trei. Utada hafanyi hivyo. Mstari wa kwanza unamzungumzia mtu aliyepokea simu kengele ilipolia mara ya saba. Neno la kengele ni "beru". Yeye analikata: "be" inaishia kwenye kipande cha kwanza, anapumua, "ru" inaanza kipande cha pili ikiwa imeshikana na neno linalofuata. Ni kama mtu aimbe "nimepokea si", anyamaze, kisha "mu yako". Kwenye kwaya tulizoea kinyume chake, tenzi zilizotafsiriwa ambamo mkazo wa neno unavunjwa kwa kuwa sauti ilitungwa kwa lugha nyingine, na mwalimu akatuambia tuvumilie. Hapa hakuna kuvumilia. Amelikata kwa makusudi, ili lugha yake iyumbe na biti.

Nikaenda moja kwa moja kwenye traveling (28 Novemba 2001), wimbo wa dansi wenye pigo la mguu lisilokoma, ambao katikati ya teksi na alasiri ya Ijumaa unadokeza maneno ya Heike Monogatari, masimulizi ya kale ya vita ambayo kila mwanafunzi wa Japani hupitia. Biti ni nyingine kabisa na kasi ni nyingine. Ukataji wa maneno ni uleule.

Basi ndilo jibu la nusu ya swali langu. Kinachomtambulisha hakimo kwenye safu yoyote ya jedwali langu la kwanza.

Jumapili, 30 Machi. Singo ya 9 hadi ya 16

Hapa safu ya mpangaji imezaa matunda.

Kwenye kundi la albamu Deep River (traveling, Hikari, SAKURA Drops) jina la Kawano Kei linarudi, lakini sasa pembeni yake limeandikwa na jina la Utada mwenyewe. Hikari (20 Machi 2002) ni wimbo wa mchezo wa kompyuta Kingdom Hearts. Neno lenyewe ni "mwanga", na ni ndugu wa jina Hikaru. Unaanza kama mtu na gitaa lake, kisha biti inaingia chini kama sakafu. Toleo lake la Kiingereza, Simple And Clean, limewekwa kwenye singo ya COLORS ya Januari 2003. Nililichukua kama tafsiri, nikaandika hivyo, na nimelifuta. Muziki ni wa nyumba moja lakini melodi anayoimba ni nyingine, kwa sababu silabi za Kiingereza hazikai pale zilipokaa za Kijapani. Hakutafsiri maneno akayabana yaingie. Alitunga upya.

Halafu Be My Last, 28 Septemba 2005. Mpangaji: Utada Hikaru. Peke yake.

Nimeusikiliza mara nyingi wiki hii kuliko nyingine zote. Gitaa, nafasi tupu, na sauti inayokwaruza mahali ambapo miaka sita nyuma ingelainishwa. Hakuna anayemsaidia kujaza kimya. Miezi miwili na nusu baadaye, 14 Desemba, ikaja Passion, ambayo ni kinyume chake: sauti zake zimerundikwa juu ya sauti zake, nyingine zimegeuzwa nyuma mbele, kama kwaya ya mtu mmoja iliyo chini ya maji. Februari 2006 Keep Tryin', imechangamka kama asubuhi. Zote tatu kazipanga mwenyewe, na zimepishana kuliko zilivyopishana zile tatu za albamu First Love zilizoshikwa na mikono tofauti. Nilikuwa nikiamini kwamba mwimbaji hubadilika kwa kuwa amebadilisha watengenezaji. Kwake, alipobaki peke yake mezani ndipo alipotawanyika zaidi.

Jumapili, 20 Aprili. Singo ya 17 hadi ya 20

Kwa kifupi. Boku wa Kuma (Novemba 2006) ni wimbo wa watoto juu ya dubu, ulipigwa kwenye kipindi cha Minna no Uta cha NHK, shirika la utangazaji la Japani. Nilitaka kuuruka, lakini sikuuruka, kwa sababu ndio unaoonyesha wazi kuliko wote anavyoweka silabi moja kwenye noti moja anapotaka.

Flavor Of Life (28 Februari 2007) ndiyo ningemshauri mtu aanze nayo kama ana fedha ya singo moja tu. CD hiyo ina matoleo mawili ya wimbo uleule: la polepole lililotumika kwenye tamthilia Hana Yori Dango 2, na la asili lenye biti. Maneno na mwimbaji ni walewale, na yote mawili yamo kwenye CD moja. Weka hili, kisha lile, na uandike ulichosikia kabla ya kusoma chochote.

Jumapili, 11 Mei. Njia imefika mwisho wake

Gharama zote: CD yeni 2,860, fundi 6,600, mashine ya trei 1,650. Jumla yeni 11,110.

Nilitaka kuendelea hadi nyimbo alizorudi nazo baada ya mapumziko aliyoyatangaza mwaka 2010. Tarehe 15 Aprili 2016 alitoa mbili kwa siku moja, Hanataba wo Kimi ni na Manatsu no Tooriame. Zote zilitoka mtandaoni tu. Hakuna CD ya singo, hakuna kijitabu, wala karaoke ya kutolea sauti. Nilijaribu moja ya programu za kisasa zinazotenganisha sauti na ala kwa kubahatisha. Ilimtoa, lakini ilikula pumzi zake, na pumzi ndizo nilizokuwa nikizitafuta. Nimefuta faili.

Basi hizi mbili nimezisikiliza kama zilivyo. Ya kwanza ilipigwa kila asubuhi kwenye tamthilia ya NHK, Toto Neechan. Ya pili ilifunga habari za usiku za News Zero. Mamake Utada, Fuji Keiko, mwimbaji wa enka (nyimbo za huzuni za Kijapani) aliyeiteka Japani mwanzoni mwa miaka ya 70 kwa sauti nzito yenye kukwaruza, alifariki Agosti 2013, na nyimbo hizi ni za kumwombolezea. Japani nzima ilikuwa ikiamshwa na kulazwa na maombolezo ya mtoto mmoja.

Manatsu no Tooriame, mvua ya kupita ya katikati ya kiangazi, inaanza na piano na sauti, karibu bila kingine. Biti inachelewa sana, na inapokuja inakuja kwa nyayo. Nimeusikiliza gizani, spika moja, na nimeandika mstari mmoja tu kwenye ukurasa wake: hapa anayaacha maneno mazima.

Nitarudi Osu Jumapili ijayo. Singo za Fuji Keiko ni za santuri, na bado sina mashine ya kuzipigia.